Mmea Unalegea, Chungu Ndicho Kisa: Utatuzi wa Matatizo ya Vyungu vya Okidi na Mimea ya Ndani

Malalamiko kuhusu okidi na mimea ya ndani huanzia juu: jani limelegea, ncha imekauka, vichipukizi vya maua vimepukutika. Chanzo mara nyingi kiko chini. Mizizi inataka maji na hewa kwa pamoja, na chungu ndicho kinachoamua hewa itarudi lini baada ya kumwagilia. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu chungu chochote ni kwamba kinachukua siku ngapi kukauka. Uzuri wake utafuata. Chungu kinachomfaa mtu anayesahau kumwagilia kitauozesha mmea wa mtu anayemwagilia kila asubuhi.

Kabla ya kwenda kwenye dalili yako, fanya ukaguzi huu wa dakika chache:

- Nyanyua chungu mara tu kinapomaliza kuchuruzika maji, kisha kinyanyue tena kila siku. Baada ya mizunguko miwili mitatu mkono utajua uzito wa chungu chenye maji na wepesi wa chungu kikavu.
- Kipindue utazame chini. Matundu yapo? Yameziba kwa mizizi au kwa karatasi ya dukani?
- Kama kuna chungu cha pili cha nje, cha pambo, toa cha ndani uangalie kama kuna maji yaliyotuama.
- Chomeka kijiti kikavu cha mbao hadi karibu na kitako, kiache dakika 10, kichomoe. Sehemu iliyobadilika rangi na kuwa baridi ndipo unyevu ulipo. Kidole hakifiki huko, na juu panaweza kuwa pakavu kabisa huku chini pamelowa.

Majani yamelegea, na chungu bado kina unyevu

Hili ndilo tatizo linaloripotiwa zaidi na ndilo linalosomwa vibaya zaidi. Mtu huona ulegevu, huongeza maji. Lakini mizizi iliyooza hainyonyi, kwa hiyo mmea unakufa kwa kiu huku umezungukwa na maji, na kila jagi linaloongezwa linauharakisha.

Sababu, kuanzia ile inayokutwa mara nyingi zaidi:

*Chungu cha nje kisicho na tundu.* Maji yanatoka chungu cha ndani, yanakaa kwenye kile cha pambo, na sentimita mbili tatu za chini zinabaki majini kwa wiki nzima. Dawa ni rahisi: mwagilia kwenye sinki, subiri dakika 15 hadi 30 maji yaishe kuchuruzika, ndipo urudishe. Ukipenda kuacha chungu cha pambo mahali pake, weka ndani yake kishikio au kokoto ili kitako cha chungu cha ndani kikae juu ya maji. Acha pia nafasi ya sentimita 1 hadi 2 pembeni ili hewa ipite.

*Chungu kikubwa mno.* Hutokea kwa nia njema: mmea uhamishwe mara moja tu, upewe nafasi ya miaka mitano. Udongo usio na mizizi hauna wa kunyonya maji yake, hivyo unabaki umelowa, hewa inakosekana, na mizizi inaanza kuoza kutoka pembeni. Kwa mmea mdogo wa ndani, chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 2 hadi 4 za kipenyo. Kwa okidi usitazame majani kabisa; pima mizizi. Mizizi iingie kwa kubanwa kidogo, na pembeni ibaki sentimita 1 au 2. Okidi yenye majani ya sentimita 30 na mizizi michache itakaa vizuri kwenye chungu cha sentimita 10, hata kama inaonekana kichekesho.

*Magome yameoza.* Vipande vya magome ya msonobari ambavyo okidi nyingi hupandwa humo huvunjika polepole na kuwa unga unaoshika maji. Kwa kawaida hudumu takribani miaka 2, pungufu zaidi penye joto na unyevu mwingi. Bana kipande kati ya vidole: kikivunjika kama keki, muda wake umeisha. Harufu ya udongo wa msituni ni sawa; harufu ya kinamasi si sawa.

*Tabaka la kokoto chini ya chungu.* Ushauri huu hauchoki kurudiwa, na una kasoro. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Yananing'inia kwenye udongo hadi uloe kabisa. Katika kila chungu kuna tabaka la chini linalobaki limejaa maji hata baada ya kuchuruzika, na unene wake unategemea ulaini wa udongo, si urefu wa chungu. Kokoto zinalipandisha tabaka hilo juu, karibu zaidi na mizizi. Unachotaka ni mchanganyiko wenye chembe kubwa kutoka juu hadi chini. Kwa sababu hiyohiyo chungu kifupi na kipana hubaki kimelowa kwa sehemu kubwa kuliko kirefu chenye udongo uleule. Tundu kubwa lizibwe kwa kipande cha wavu ili udongo usitoke, hilo linatosha.

*Aina ya chungu haipatani na mkono wako.* Tunairudia hapa chini kwa sababu ina maelezo yake.

Namna ya kuokoa okidi ambayo mizizi yake imeoza:

1. Itoe kwenye chungu. Mizizi ikiwa imeng'ang'ania ukuta, loweka chungu kizima kwenye maji kwa dakika 15 hadi 20, kisha ilegeze kwa upande usio na makali wa kisu. Chungu cha plastiki kikigoma, kikate. Chungu ni cha bei ndogo kuliko mizizi.
2. Osha mizizi kwa maji ya uvuguvugu na uondoe magome yote ya zamani.
3. Bana kila mzizi. Mgumu ni mzima hata ukiwa wa manjano au kahawia. Mizizi iliyokaa gizani haipati rangi ya kijani. Uliooza ni laini, unatoa maji, na ganda lake la nje linachomoka na kuacha kiuzi chembamba. Rangi peke yake isikufanye ukate.
4. Safisha mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 au kwa moto, kata sehemu zilizooza tu, na usafishe tena kabla ya kuugusa mmea mwingine.
5. Acha vidonda vikauke siku moja kivulini. Unga wa mdalasini unaopendekezwa kila mahali unakausha: kwenye kidonda cha jani ni sawa, kwenye mizizi unaweza kuua hata ile iliyobaki.
6. Panda kwenye chungu kinacholingana na mizizi iliyosalia, kwa vipande vya magome vya sentimita 1 hadi 2 vilivyolowekwa usiku mzima. Funga shina kwenye kijiti. Mmea unaotikisika huvunja ncha za mizizi mipya, na hapo ndipo uokoaji mwingi hukwama.
7. Usitie mbolea mpaka uone mizizi mipya ya sentimita 3 au zaidi.

Acha hapo endapo katikati ya majani, mahali jani jipya linapochipukia, pamekuwa laini na peusi. Kwa Phalaenopsis, ile okidi yenye maua mapana yanayokaa wiki nyingi, hapo ndipo penye chipukizi pekee la ukuaji, na weusi unaosambaa kwa siku chache kwa kawaida ni kuoza kusikotibika nyumbani. Utenge mmea mara moja. Ukiwa na mkusanyiko wa okidi na kadhaa zikaonyesha weusi huo, au majani yakapata michirizi na pete za rangi zisizofutika, usihamishe chochote wala kugawa vipandikizi. Peleka picha na sampuli iliyofungwa kwenye mfuko kwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Virusi vya okidi husafiri kwa mkasi, kwa mikono na kwa maji yanayotoka chungu kimoja kwenda kingine, na havina dawa.

Chungu cha aina gani kwa mkono gani

Chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi hupumua kupitia ukuta wake. Maji yanatoka kwa juu na kwa pembeni, hivyo hukauka haraka na mizizi hubaki na ubaridi. Ni kizuri kwa anayemwagilia mno, kwa kakti na mimea ya majani manene, kwa okidi za Cattleya, na kwa mimea mirefu inayohitaji uzito chini. Kikiwa kipya kiloweke saa moja au zaidi kabla ya kupanda; la sivyo kitanyonya maji ya mwagilio wa kwanza chenyewe.

Plastiki hushika maji kwa muda mrefu zaidi na ni nyepesi. Inafaa mimea isiyopenda kukauka kabisa: okidi za Paphiopedilum, jamii ya kangaga (fern), na mimea mingi ya majani mapana. Plastiki ya uwazi ina faida moja kubwa kwa Phalaenopsis: unaona mizizi. Mizizi ya rangi ya fedha inataka maji, ya kijani bado inayo. Baadhi ya watu huamini uwazi ni lazima kwa sababu mizizi hiyo ina kijani cha mmea. Si lazima, Phalaenopsis huishi vizuri pia kwenye udongo wa kuchoma. Faida kubwa ni ya macho yako.

Kauri iliyong'arishwa hufanya kazi kama plastiki nzito. Kioo bila tundu ni pambo, mmea hukaa humo kwa muda tu. Kikapu cha mbao au waya ni cha Vanda na okidi nyingine zenye mizizi minene ya kuning'inia, ila huko utamwagilia kila siku penye joto.

Okidi nyingi za Dendrobium hutaka chungu kidogo kuliko unavyodhani, ila kiwe kizito kidogo chini ili kisipinduke. Cattleya hutambaa kuelekea upande mmoja, hivyo pandia sehemu ya zamani ukingoni na uache mbele nafasi ya ukuaji wa miaka miwili au mitatu. Seintipolia, ule mmea mdogo wa maua wa ndani, hufanya vizuri kwenye chungu kifupi chenye kipenyo cha karibu theluthi moja ya upana wa majani yake. Vyungu vyenye hifadhi ya maji na utambi ni vizuri kwa mimea inayokunywa sana, na ni hukumu kwa kakti.

Maji yanapita moja kwa moja, na majani yamekunjamana

Chungu ni chepesi saa chache tu baada ya kumwagilia. Chunguza kwa utaratibu huu.

Kwanza, udongo umekauka kupita kiasi. Mboji na unga wa makumbi ya nazi vikikauka kabisa hujikunja na kuachana na ukuta. Maji yanateremka kwenye ufa huo na kutoka chini bila kulowesha kitu. Zamisha chungu kwenye beseni hadi karibu na ukingo, dakika 20 hadi 30, mpaka mapovu yaishe. Kichuruzishe.

Pili, mizizi imejaa. Vuta mmea taratibu: ukitoka na umbo la chungu, mizizi ikizunguka na udongo ukiwa mchache, ongeza chungu kwa saizi moja. Fungua mizunguko ya nje kwa vidole. Iliyokauka na kukaza chini unaweza kuikata.

Tatu, magome ni makubwa mno kwa mahali pako. Kwenye chumba chenye hewa kavu au feni inayopuliza, changanya magome madogo zaidi au fungu kidogo la sfagnamu, ule mmea mkavu laini unaouzwa kwa ajili ya okidi.

Sfagnamu ina tahadhari yake. Inaweza kubeba kuvu linaloingia mwilini kupitia michubuko. Vaa glavu. Ukiona uvimbe au kidonda kisichopona kwenye kidole au mkono siku au wiki kadhaa baada ya kuishika, nenda hospitali na umwambie daktari ulishika nini, maana bila taarifa hiyo huenda asilifikirie. Mifuko ya mboji nayo ifungue mbali na uso na uilowanishe kabla ya kuichanganya. Vumbi lake linaweza kuwa na bakteria wanaoshambulia mapafu.

Mizizi inatoka nje ya chungu

Kwa okidi za kuota juu ya miti, hii si dalili ya ugonjwa. Mizizi ya hewani ni kawaida yao. Usiikate, usiilazimishe kuingia kwenye magome, kwa sababu ile iliyozoea hewa huoza kwa urahisi ikifukiwa. Hamisha pale tu magome yameoza, au mmea umeinuka hadi hautulii, na subiri maua yaishe na ncha mpya za mizizi zionekane.

Kwa mimea mingine, mizizi michache kwenye matundu haitoshi kuwa sababu. Mizizi inayoziba matundu yote inatosha.

Chungu cha plastiki kimevimba au kimepasuka

Kama ndani kuna Sansevieria (yenye majani marefu yaliyosimama kama panga) au Zamioculcas (mmea wa ZZ), hongera, mmea una afya. Vikonyo na viazi vyake vya chini vinasukuma ukuta. Hamishia kwenye chungu kipana na kigumu. Kwa Sansevieria upana una maana kuliko kina. Chungu cha kauri chenye tumbo pana na mdomo mwembamba usikitumie kwa mimea hii hata kidogo. Siku ya kuhama itabidi uvunje kimoja kati ya chungu na mmea.

Plastiki inayopasuka kwa kuguswa tu imeliwa na jua. Na ukiona mizizi imekufa upande mmoja wa chungu, upande wa dirisha, sababu ni joto: chungu cheusi kikipigwa na jua la moja kwa moja huchemsha mizizi iliyogusa ukuta. Kitie ndani ya chungu cha rangi nyepesi.

Ukoko mweupe kwenye ukuta au juu ya udongo

Ni chumvi za mbolea na za maji magumu. Kwenye udongo wa kuchoma huonekana mapema kwa sababu maji yanatokea ukutani na kuziacha. Hapo chungu hakina kosa, ila ncha za majani zikiwa kahawia pia, chumvi imezidi. Mwagilia maji safi kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu, polepole, yatoke yote. Rudia kila mwezi na upunguze mbolea hadi nusu. Chungu kitupu kisugue kwa brashi baada ya kukiloweka kwenye siki iliyozimuliwa kwa kiasi sawa cha maji.

Chungu kilichotumika na mmea mgonjwa husafishwa kwanza, kisha huloweshwa kwa jiki fungu moja kwa maji mafungu 9, dakika 30, na kusuuzwa vizuri. Siki na jiki visikutane kamwe, hata kwa mabaki kwenye beseni moja: vikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Ikitokea ukasikia harufu kali inayowasha koo, toka nje, fungua madirisha ukiweza kupita hapo kwa usalama, na kikohozi au kubanwa kifua kukiendelea tafuta matibabu.

Ukungu wa kijani ndani ya chungu cha uwazi ni mwani tu. Hauli mizizi. Lakini ukijaa pamoja na vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa udongo, chungu hakikauki: acha sentimita 2 hadi 3 za juu zikauke kila mara kabla ya kumwagilia, na weka mitego ya manjano yenye gundi.

Okidi haichanui tangu ihamishwe

Chungu hulaumiwa bure hapa. Phalaenopsis hutaka mwanga wa kutosha na wiki kadhaa za usiku wenye baridi kidogo kuliko ilivyozoea. Angalia majani: ya kijani cha kiza sana ni ishara ya mwanga mdogo. Chungu kikubwa kinaweza kuchangia kwa kudhoofisha mizizi, basi.

Chungu kizuri hakina tundu

Njia salama ni kukitumia kama chungu cha nje. Ukitaka kutoboa kauri, tumia biti ya almasi au ya vigae ya milimita 8 hadi 12, bila hali ya nyundo. Kigeuze kitako juu kwenye taulo, bandika tepu mahali pa kuanzia, anza kwa mwinamo kisha usimamishe drili polepole, bila kusukuma. Mahali hapo pabaki pamelowa: maji hupoza biti na kuzuia vumbi. Mwagia maji kidogo kidogo kutoka chupa, yasifike kwenye mota ya umeme. Drili ya betri ni salama zaidi. Vaa miwani na barakoa ya vumbi. Kioo kilichokazwa kwa joto hakitoboki, kitalipuka vipande.

Vyungu vikubwa vya zamani vya saruji vya rangi ya kijivu, vyepesi na vyembamba kuliko saruji ya kawaida, vinaweza kuwa na asbesto. Hivyo usivitoboe, usivikate wala kuvisugua. Kama kimeanza kumeguka, kiache kilipo, kifunike kwa plastiki na umwite anayeruhusiwa kuondoa asbesto.

Uzito nao upimwe kabla ya kupanda. Chungu cha upana na kimo cha sentimita 40 kilichojaa udongo uliolowa hupita kilo 40 kirahisi. Kimoja sakafuni si shida. Kadhaa vikipangwa kwenye ukingo wa roshani, au kimoja kikining'inizwa kwenye dari ambayo hujui ndani yake kuna nini, ni suala la fundi wa majengo kabla ya kununua ndoano. Na chungu cha kuning'inia kisiwe juu ya soketi: kikishachuruzika humo, zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme, hata kama soketi inaonekana imekauka.